Stempu Iliyoahidi Kuleta Barua Nyumbani

Khwaru, khwaru, khwaru. Kucha zikipapasa mbao, kona hii, kona ile, kisha zinarudi katikati kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kitandani. Mpaka leo, wanangu, nikiketi kuchambua mchele wa Mabogini na kucha zangu zikagusa ungo, naisikia sauti ile, na mkono wangu unasimama wenyewe.

Ngoja niwaeleze ilitoka wapi, maana ninyi mmezaliwa wakati barua zimeshaanza kufa. Hapa Moshi hakukuwa na mtu wa kukuletea barua mlangoni. Kila duka, kila shule, kila parokia ilikuwa na sanduku lake la posta, kijumba kidogo ukutani, mbele kina mlango wa chuma na ufunguo, nyuma kiko wazi. Nyinyi wenye barua mlikaa upande wa barazani. Mimi nilikaa upande wa ndani, nikizitumbukiza moja moja. Ukifungua mlango wako wakati mimi napanga, tunaonana, ila si kuonana kwa kujuana. Mimi naona mkono wako, na ukiinama, labda jicho moja.

Kwa hiyo mji huu mimi niliujua kwa mikono. Mikono ya wenye maduka na pete zao, mikono ya makanika, mikono ya masista iliyooshwa mpaka ngozi imelainika kama ya mtoto. Nakutana na mtu barabarani ananisalimia simjui, mpaka anyooshe mkono kununua karanga. Hapo nacheka: kumbe ni wewe, wa safu ya juu pembeni!

Mkono wa khwaru khwaru ulikuwa wa mama wa shamba. Utomvu wa migomba ulikuwa umeingia kwenye mistari ya vidole na kukataa kutoka. Ulikuja siku za soko, ukafungua sanduku la parokia moja ya Uru, ukachukua barua zote kwa mkupuo, fungu zima. Kisha, sanduku likiwa tupu, mkono ulirudi. Ulirudi kila mara. Ukapapasa mpaka nyuma kabisa, karibu kunigusa, ukatoka polepole.

Nilikuwa kijana. Nimemaliza darasa la saba, nikapata mafunzo mafupi, nikaajiriwa, na kichwa changu kilikuwa kimejaa ndoto kuliko mfuko wa barua wa Krismasi. Nilikuwa nikigonga muhuri barua ya kwenda Mtwara naiambia, "Nisalimie huko." Sasa mtu wa namna hiyo ataona mkono unatafuta katika utupu anyamaze? Siku moja nikasogeza mdomo kwenye kijumba kile nikasema kwa upole, "Hakuna kingine, mama."

Mkono uliruka kama umeumwa na siafu.

"Yesu na Maria! Sanduku linasema!"

Baraza zima likaja. Nikasikia muuza mitumba mmoja akisema, "Mama, hebu liulize kama lina ya kwangu." Vicheko. Nami huko ndani nimejiziba mdomo, machozi yananitoka kwa kucheka na kwa aibu. Baada ya muda nikaona mama mrefu amesimama kwenye dirisha la stempu, kitenge kimefungwa vizuri, kapu la majani ya migomba mkononi.

"Ni wewe uliyekuwa ndani ya sanduku?"

"Shikamoo mama. Ndiyo, ni mimi. Naitwa Filomena."

"Marahaba." Akanitazama juu mpaka chini. "Mwembamba hivyo, si ajabu umeenea."

Tulianza hivyo. Jina lake Apolonia, lakini mlima wote ulimwita Mama Dismas. Dismas alikuwa kitinda mimba wake, na kwetu Uchaggani mnajua, kitinda mimba ndiye anayebaki na kihamba, shamba la nyumbani la baba yake, ndiye wa kufunga mlango wa wazee. Lakini miaka ile kahawa ilikuwa imeshuka, watu wanaing'oa na kupanda nyanya, na Dismas akasema hawezi kungoja mti usiomlipa. Akaenda Mererani kuchimba. Aliandika mara ya kwanza, akaandika mara ya pili, halafu kimya. Desemba ikaja, ile Desemba ambayo kila mtu wa mlima, awe Dar, awe Mwanza, anarudi nyumbani hata kama ni kwa nauli ya kukopa. Dismas hakuja. Ikaja Desemba nyingine.

Na hapo ndipo penye jambo, wanangu, shikeni hili: Mama Dismas ndiye aliyebeba barua za parokia nzima. Kwa kuwa alishuka sokoni na ndizi zake, walimpa ufunguo. Aliweka barua kwenye kapu akapanda nazo, na Jumapili baada ya misa mwenyekiti wa kigango alisimama nje ya kanisa akaita majina. Mtu akisikia jina lake anapaza sauti, "Naam!" watu wanasogea kumpisha. Mlima mzima ulipata habari kutoka kwenye kapu la mama yule. Ya kwake haikuwamo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shirima, mkuu wa chumba cha kupanga barua. Alikuwa na mashavu yaliyoingia ndani, na alichonga penseli kwa wembe. Akiwa na furaha, alikuita "binti". Ukiharibu, alikuita kwa jina la ubatizo.

Masika ya kwanza nilimfanya aniite Filomena wiki nzima. Wakati wa mvua hewa ya Moshi inakuwa nzito, na karatasi za stempu zenye gundi zinagandana kama mikate iliyopakwa asali. Dawa yake ni kuziwekea karatasi ya nta katikati na kutozirundika. Mimi sikujua. Nikazianika dirishani juani. Niliporudi kutoka kunywa chai zote zilikuwa zimejikunja, ndogo ndogo, nyembamba.

Mzee Shirima akachukua moja, akaiweka mdomoni kama anavuta. "Filomena. Tumefungua kiwanda cha sigara?"

Alinifundisha kwamba barua haisomwi kwa macho tu. "Ishike," alisema. "Barua inakuja na udongo wa kwao." Na kweli. Za kutoka mashamba ya miwa zilikuwa na masizi mepesi. Za wanafunzi zilinuka mafuta ya taa. Za Mererani ndizo zilizokuwa rahisi kuliko zote. Vumbi la machimbo yale ni jeusi linalong'aa kama risasi ya penseli, na linashika kila kitu, kwa hiyo barua ya mchimbaji inafika na alama ya dole gumba lake pembeni. Ukiipanga, nawe unabaki na weusi wake kwenye kidole mpaka jioni.

Na alinifundisha subira na majina. Watu waliandika "Bwana Mosha, Moshi," basi, wamemaliza. Mzee Shirima alikuwa akiiinua barua ya namna hiyo juu, anauliza chumba kizima, "Kuna Mosha gani mwenye ndugu Tabora?" Na siku mbili tatu zikipita, anapatikana.

Vifurushi navyo! Kuna mama alimtumia mwanawe wa chuo mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kopo, amelifunga kwa kamba na kitambaa na maombi. Mbege haijui kusubiri foleni. Ilichacha zaidi, kopo likapasuka ndani ya mfuko, na siku ile barua zote za kwenda Dar ziliondoka zinanuka sherehe. Mzee Shirima alisema huko watadhani Moshi tumeoana na mji mwingine.

Natamani hata harufu ile. Natamani kelele za asubuhi, mifuko inashushwa, mikono inangoja upande wa pili wa ukuta. Leo simu ikilia mtu anaitazama, anakunja uso, anaizima. Barua ya wakati wetu haikuzimwa na mtu. Lakini nisiwachoshe. Nilitaka kuwasimulia stempu.

Ilikuja katikati ya miaka ya tisini, ya ukumbusho. Ilikuwa imetolewa kuenzi historia ya upelekaji barua mjini. Nzuri, wanangu! Rangi ya chungwa pembeni. Katikati kuna mwanamume wa kofia na kaptula ya kaki, ameegemeza baiskeli kwenye lango, anampa barua mwanamke aliyesimama barazani kwake. Nyuma yao kuna maghorofa. Mimi niliipenda mpaka nikawa sitaki kuiuza.

Watu dirishani hawakunisaidia.

"Huyu anampelekea nani barua?"

"Labda ni Dar."

"Hata Dar! Shemeji yangu yuko Dar, barua anaifuata mwenyewe kama sisi."

Mzee Shirima akatoka chumbani, akaeleza kwamba zamani sana, wakati mji ungali mdogo, kulikuwa na matarishi wa posta waliozunguka na baiskeli madukani na maofisini. "Ni kumbukumbu," akasema. "Hata wewe ukifa tutakukumbuka, haina maana kwamba utarudi." Foleni ikacheka ikasonga.

Mama Dismas alikuja siku ya soko, nikamuuzia ya kubandika kwenye barua ya parokia. Hakuibandika. Aliisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali.

"Huyu mama hakujiandaa," akasema. "Tazama kanga yake ilivyokaa. Amekutwa tu nyumbani."

"Ndiyo, mama."

"Ni ya nini hii?"

"Ya upelekaji wa barua, mama. Majumbani, mjini," nikasema, na nyuma yake mtu akakohoa kwa haraka, nikamhudumia mwingine. Nilimwona tu anaiweka ndani ya kifuko cha rozari, polepole, kama mtu anayelaza kifaranga.

Siku ya soko iliyofuata mkono wake haukuja. Wala iliyofuata. Sanduku la parokia likajaa, nikawa nazibana barua kwa vidole. Mwisho nikaona mkono mwingine, mnene, wenye saa. Nikazunguka barazani. Alikuwa katekista wao, mtu mchangamfu aliyependa kucheka kabla hajamaliza kusema.

"Mama Dismas mgonjwa?" nikamuuliza.

"Mzima kama mwamba. Ameachia ufunguo. Anasema posta sasa wanaleta nyumbani."

"Nani kamwambia?"

"Serikali." Akacheka, halafu akaona sicheki. "Ametutolea stempu akatuonyesha. Anasema, ilipotoka stempu ya chanjo, nesi hakuja? Ilipotoka ya kupanda miti, hatukuletewa miche? Sasa imetoka ya barua. Na kweli, dada, ukifikiri, hoja anayo."

Hoja alikuwa nayo. Huko juu stempu ilikuwa tangazo. Watu walizibandua kwenye barua wakazibandika kwenye mlango wa kabati, na kila iliyokuja na picha ya jambo, jambo lile lilifuata nyuma yake, kwa kuchelewa, lakini lilifuata.

"Sasa shida," katekista akaendelea, "ni kwamba hatoki. Sokoni haendi. Zamu yake ya maji ya mfongo, ya mfereji, amemwachia jirani, na mwaka huu wa jua, mtu anaachia maji! Anaogopa mwenye baiskeli akija asimkute, atageuza na barua."

"Hata misa?"

"Misa anakuja ile ya alfajiri. Anasema posta hawaanzi kazi mapema hivyo."

Nikampelekea habari Mzee Shirima. Kwanza alitania, hakuweza kujizuia. "Baiskeli ipande Uru? Labda mwenyewe aibebe mgongoni." Halafu akaweka wembe wake wa penseli mezani. "Nenda, binti. Migomba yake itakauka anangoja picha. Mtu asijue kwa kuchekwa, ajue kwako."

Nikaenda Jumamosi, baada ya kazi ya nusu siku, na sweta langu la posta. Gari liliniacha kwenye njia panda, nikapanda kwa miguu katikati ya vihamba. Kiu ilikuwa imeyapiga majani. Nilikuwa nayapanga maneno njiani na kila nilipokutana na mtu wa kumwamkia yanapotea.

Nilijua nyumba kabla sijaulizia. Njia ya kuingilia ilikuwa imefagiwa mpaka udongo unang'aa. Masale yamepandwa pande zote mbili, mapya, yamenyooka. Na pale mfongo unapokata njia, ambapo kila mtu wa mlima anaruka tu, alikuwa ameweka ubao mpana, ameukandamiza kwa mawe, ili gurudumu lipite.

Nilisimama mbele ya ubao ule. Kisha nikavuka.

"Hodi hapa."

Alitoka mbio anajifuta mikono. Aliliona sweta kabla ya kuniona mimi.

"Umekuja! Karibu, karibu mwanangu. Baiskeli umeiacha wapi?"

"Sina baiskeli, mama. Nimekuja kwa miguu."

"Ndiyo maana umechelewa."

Akaniketisha, akaniletea kiburu, zile ndizi na maharage zilizopondwa pamoja, bado za moto. Wala hakuniangalia mikononi. Nafikiri alikuwa ameshaona kuwa mikono ni mitupu. Nikala matonge machache. Nikaweka bakuli chini.

"Mama, ile stempu ni ya kukumbuka mambo ya zamani. Tena ya mjini. Hakuna mtu atakayepanda huku na barua. Samahani sana, mama."

Aliendelea kumenya ndizi. Ganda likashuka refu, halikukatika.

"Mwalimu wa shule aliniambia juzi."

"Sasa mbona..."

"Ubao nimeshauweka. Niutoe, jirani acheke?"

Nikacheka, naye akacheka, ile ya puani. Halafu kisu kikasimama.

"Filomena, wewe umenijua mkono. Miguu huijui. Nikitoka pale kwenu huwa naketi kwenye ngazi nasoma majina yote, moja moja, kwa hiyo napanda mlima na kapu nikijua la kwangu halimo. Jumapili mwenyekiti akisimama kuita, nami nasimama na wenzangu nasikiliza. Nasikiliza kabisa, kama mtu asiyejua. Ni ujinga, eh?"

"Si ujinga, mama."

"Mtoto huyu nimemfuata kwa miguu mpaka nimechoka. Nilipomwona yule mama wa stempu nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Amekaa kwake. Hata kanga hajafunga vizuri. Amefuatwa! Nikasema, na mimi safari hii nifuatwe. Hata kama ni habari mbaya, inikute kwangu."

Ng'ombe akalia nyuma ya nyumba. Mimi, wanangu, sikuwa msichana wa maneno makubwa. Lakini kuna maneno yanatoka kabla hujayaangalia.

"Basi nenda sokoni, mama. Nenda kwenye maji. Barua ya Dismas ikija, nitaileta mimi. Hapa hapa."

"Na usiponikuta?"

"Nitangoja."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekuahidi kukununulia ndege. "Haya, mleta barua," akasema. "Maliza kiburu chako."

Akarudi sokoni. Ufunguo akamwachia katekista, hakuutaka tena, na mkono wake sikuuona kwenye sanduku kamwe. Akipita posta alinipungia kutoka barabarani, hasimami. Hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kufuata.

Kazi ya kufuata ikawa yangu. Mfuko wa upande wa Arusha nikawa naufungua wa kwanza. Natafuta weusi ule unaong'aa. Kila bahasha yenye dole la mchimbaji naigeuza, nasoma, ni ya mwingine. Napeleka mkono wangu kwenye sanduku la parokia na barua za watu, na mimi sasa ndiye niliyejua, kabla ya mlima wote, kwamba ya Mama Dismas haimo. Jinsi alivyokuwa anapanda na kapu lile sijui. Mimi nilikuwa nachoka nimesimama.

Na mambo yalikuwa yanabadilika. Simu zilikuwa zimeshatengwa na posta, wamekuwa watu wa nyumba nyingine. Simu za maandishi za kutangaza misiba zikaisha. Walianza kupunguza wafanyakazi. Mzee Shirima akaaga, akagawa vitu vyake vya mezani, na wembe akanipa mimi. "Usijikate, Filomena," akasema, na safari hiyo sikuwa nimeharibu kitu. Kila nilipoitwa ofisini roho ilikuwa juu juu. Wenzangu walihofia ada za watoto. Mimi nilihofia hilo, na nilihofia jambo jingine nisiloweza kumwambia mkubwa yeyote: nikiondoka, nani atapanda Uru?

Sikuondolewa. Nikabaki na chumba kinachopwaya, na mifuko myepesi mpaka mtu mmoja anainua.

Barua ilikuja mwishoni mwa masika. Nilikuwa nimeshaimaliza mifuko ya Arusha, wala sikuwa natazamia. Ilikuwa kwenye mfuko mwingine kabisa, wenye mihuri ya upande wa Ziwa. Bahasha safi. Haina weusi hata chembe. Niliipita, nikairudia. Jina la Apolonia, sanduku la parokia, na nyuma, kwa herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka zimechomoza upande wa pili: kutoka kwa Dismas.

Niliketi juu ya mfuko. Nikaipitisha kidole mara nyingi nikitafuta vumbi. Ametoka shimoni, nikawaza. Popote alipo, mikono yake imetakata.

Nikaiweka kwenye sanduku la parokia, maana hapo ndipo ilipoandikiwa, na utaratibu ni utaratibu. Lakini masikio yangu siku nzima yalikuwa barazani. Katekista alipofungua nilimwahi kabla hajageuka.

"Katekista, naomba hiyo ya Mama Dismas niipeleke mimi. Nilimwahidi."

Aliisoma, akainua macho, akasahau kucheka. "Ya yule kijana?" Akanipa kwa mikono miwili. "Chukua, dada. Jumapili ni mbali."

Najua mnataka kuuliza ilisema nini. Barua ya mtu ni ya mtu, na kazi hii hata ukistaafu haikupi ruhusa. Nitawaambia kile ambacho mlima mzima ulikiona kwa macho. Dismas alikuwa hai. Desemba ile alikuja, amekonda, ana kovu kwenye paji la uso, na mke wa kutoka Ukerewe ambaye alisalimiwa kwa Kichagga na bibi kumi akawajibu wote kwa kutabasamu. Mama Dismas alipika mbege ya kutosha kuosha kijiji. Kihamba kina mtu wake mpaka leo.

Ila ninachokumbuka mimi, nikiwa peke yangu na ungo wangu, ni ile jioni niliyopanda.

Nilivuka ubao, nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena. Mlango umefungwa kwa nje. Kumbe ndivyo nilivyomwambia, aende, asingoje. Nikaketi chini ya ukingo wa paa na barua mapajani. Ningeweza kuipitisha chini ya mlango nikawahi gari. Sikuweza. Jua likashuka nyuma ya migomba, nikangoja.

Kisha nikamsikia huko chini ya njia, anaagana na jirani, sauti nzito ya mtu mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nikasimama kwa furaha nikataka kumkimbilia. Nikasita. Maana nikimkimbilia, au akinikuta nimekaa hapa, itakuwa yeye ndiye aliyekuja. Ameikuta barua njiani anakotoka, kama siku zote, na mzigo juu, na jasho.

Nikazunguka nyuma ya banda la ng'ombe, nikapenya kwenye kihamba cha jirani, nikajibanza nyuma ya mgomba karibu na ubao mpaka amepita. Nilimsikia akitua majani. Nikamsikia akimgombeza ng'ombe, akinawa miguu, akivuta kigoda barazani na kushusha pumzi ndefu ya mtu aliyefika kwake.

Nikafuta matope kwenye viatu vyangu kwa jani la mgomba, nikafunga kifungo cha juu cha sweta, nikaianza njia upya.